Zege juu ya mwamba wa Akropoli: Wagiriki walipatia au walikosea?

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Mwaka jana nilimpeleka mama Athens, Ugiriki. Anatumia kiti cha magurudumu tangu miguu imkatae. Tulipanda Akropoli, kile kilima cha mwamba chenye magofu ya kale, kwa lifti iliyofunguliwa Desemba 2020 ubavuni mwa mwamba, kisha nikamsukuma kwenye njia ya zege mpaka karibu na hekalu la Parthenon. Alinyamaza sana. Baadaye akauliza lilijengwa lini. Nikamwambia lilianza 447 KK, likakamilika 432 KK. Akasema, "Kumbe na mimi nimeliona."

Njia hiyo ndiyo inayogombaniwa. Ilimwagwa mwaka ule wa korona, na wanaakiolojia wengi, wakiwemo Wagiriki wenyewe, wameipinga: wanaona mwamba wa kale umefunikwa kwa zege la kisasa. Msanifu Manolis Korres, mtu aliyeitolea Akropoli miaka mingi ya maisha yake, anajibu kwamba chini ya zege kuna utando, kwa hiyo halikushikana na mwamba na linaweza kuondolewa.

Mimi nasema walipatia. Mwamba wenyewe umesuguliwa na nyayo za watu hadi una utelezi hata wakati wa jua kali. Mzee mwenye fimbo pale alikuwa anahatarisha nyonga yake.

Mchangiaji wa kwanza:
Mfikishie mama shikamoo yangu. Lifti siipingi hata kidogo. Napinga upana. Kiti cha magurudumu kinahitaji njia ya kupishana viti viwili, basi. Pale wametandaza eneo kubwa, kwa sababu wanaofikiriwa ni umati: tangu Septemba 2023 kikomo ni watu 20,000 kwa siku. Elfu ishirini, juu ya kilima kimoja! Hapo mama yako amefanywa ngao ya biashara.

Tena mwamba ule si sakafu tupu. Umechongwa vishimo na vitako ambamo Wagiriki wa kale walisimamisha sanamu na sadaka zao za nadhiri kwa mungu wa kike Athena. Ukiutazama ulivyo, unasoma mahali watu walipokuwa wakisimama. Ukiufunika, umefunga kitabu.

Mleta mada:
Kuhusu upana umenigusa, na sitabisha kwa ajili ya kubisha. Ila wapo wanaosema njia laini ni jambo geni kwa magofu haya; hilo hapana. Enzi za kale zenyewe, kulikuwa na mteremko mpana wa kupandia Akropoli, maandamano ya sikukuu yakipita na ng'ombe wa kafara. Nenda Epidaurus, mahali pengine pa kale huko huko Ugiriki, kwenye hekalu la Asklepios, mungu wa uponyaji: mbele ya mlango kuna mteremko wa mawe. Wagonjwa na viwete walikuwa wanakwenda pale kutafuta tiba. Wajenzi wa karne ya 4 KK waliweka mteremko, sisi tunaona aibu kuuweka?

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, hilo neno "linaweza kuondolewa" ndilo linaloninyima raha. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Nikolaos Balanos alizirudisha nguzo za Parthenon zilizoanguka. Alifanya kwa mapenzi kabisa. Lakini aliunganisha marumaru kwa vyuma, vyuma vikala kutu, vikavimba, marumaru ikapasuka. Kamati ya ukarabati wa Akropoli iliyoundwa 1975 imekuwa ikivitoa kimoja kimoja na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Yaani kazi ya mtu mmoja imewachukua wengine miongo kadhaa kuirekebisha, na huyo hakuwa mharibifu kama wale askari wa Venisi waliolipua baruti iliyohifadhiwa ndani ya Parthenon mwaka 1687.

Zege la Akropoli lina nondo ndani. Nondo ni chuma. Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada si kama mama apande au asipande. Apande, tena kwa heshima zote. Nauliza: nani atalibomoa likichakaa, na kwa nyundo gani, bila kuutikisa mwamba ulio chini?

Mleta mada:
Hilo sina jibu lake, mkuu. Ningependa kila baada ya miaka michache wafungue kipande kimoja mbele ya watu wote, tuone hali ya utando na mwamba. Na upana upunguzwe, nakubali. Lakini mpaka wapate njia bora zaidi, isiondolewe hata siku moja. Mama anataka kurudi na dada yake, naye anatembelea magongo.