Sarafu yenye kasoro: nitajuaje ni kosa la kiwandani au imeharibika tu mtaani?

chalii_konda
Wakuu habarini. Mi konda hapa Arusha, chenji zinapita mkononi kutwa nzima, sasa tangu jamaa wa grupu moja la WhatsApp aseme kuna sarafu zimekosewa kiwandani zinauzwa mamilioni nimeanza kuzikagua. Nimetenga tatu. Ya kwanza mia ya 1994, ile ya swala, upande wa Nyerere kuna kamstari kanaanzia ukingoni kanakata mpaka shavuni. Ya pili mia pia lakini njano imetoka yote imebaki nyeupe nyeupe, na maandishi kama yameyeyuka. Ya tatu mia mbili, pale kwenye simba kuna herufi zimegeuka, yani ukitaka kuzisoma mpaka uziweke kwenye kioo. Jamaa anasema atanipa elfu tano kwa zote. Nizijueje za kweli jamani kabla sijaliwa?

meku_mbuyuni
Elfu tano kwa shilingi mia nne na bado unauliza?? Chukua hela dogo 😂😂

mkereza_vyuma
Meku acha utani, kijana kauliza vizuri.

Mi nakereza vyuma hapa Moshi na sarafu nakusanya, ni kaugonjwa kangu tu. Konda, usiangalie sarafu imekaa ajabu kiasi gani, jiulize mashine ingeweza kuifanya hivyo? Sarafu inaanza kama kisahani kitupu, kinakaa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu mmoja chini, pembeni kuna ringi inayokizuia kisitanuke, kinagongwa basi. Kosa la kiwandani ni lile lililotokea kwenye kisahani kabla hakijagongwa, au palepale kinapogongwa. Ikishatoka hapo ikakutana na nyundo, moto, tairi la lori, watoto wakailaza kwenye reli treni ipite juu, hiyo ni ajali tu hata ipendeze vipi.

Tuanze na kamstari. Pitisha kucha juu yake taratibu. Kama kucha inazama huo ni mkwaruzo, na ukiinamisha sarafu kwenye mwanga utaona chuma kilichochimbwa kimejaa kingoni mwa mfereji. Kama kucha inapanda, yani kamstari kamevimba, hapo muhuri wenyewe ulipasuka ukiwa kazini na chuma cha sarafu kikaingia kwenye ufa. Ni sawa na kalibu ya matofali, ikipata ufa kila tofali linatoka na kamshipa. Mtu wa mtaani hawezi kukuongezea chuma juu ya sarafu kikashikana na shavu la Nyerere bila kuacha alama ya kuchomelea.

Hiyo nyeupe sahau. Mia ya swala ni chuma kilichopakwa shaba ya njano kwa juu, ndio maana sumaku inaidaka. Kuna visahani huwa vinaponyoka kiwandani bila kupakwa, ila hivyo vinagongwa kawaida kabisa, herufi zinatoka kali mpaka ya mwisho na ukingo umenyooka. Ya kwako umesema maandishi yameyeyuka, hiyo imelala kwenye maji ya betri au imepita motoni. Ukipata nafasi ipeleke kwa sonara aipime sambamba na mia nyingine ya mwaka huohuo, iliyoliwa na tindikali inapungua uzito. Lakini usishike uzito peke yake maana hata isiyopakwa inakuwa nyepesi kidogo, kinachoamua ni ukali wa herufi.

chalii_konda
Asee kucha inapanda! Kamevimba kweli. Na ile ya herufi zilizogeuka?

mkereza_vyuma
Basi hiyo ya kwanza ni ya kiwandani, itenge. Usitegemee mamilioni lakini, mihuri hupasuka sana na mmoja ukiwa na ufa unaendelea kutoa sarafu nyingi tu kabla haujabadilishwa.

Ya herufi kugeuka ndiyo wanayotapelia watu. Inayotokea kiwandani ni hivi, sarafu iliyokwisha kugongwa inanata kwenye muhuri, kisahani kinachofuata kinagongwa na hiyo sarafu badala ya muhuri, kwa hiyo upande MZIMA unatoka picha ya kinyume iliyozama. Simba wasingekuwepo hapo kabisa. Wewe simba unao, halafu juu yao kuna herufi chache kwenye kona moja, kama zimezama ndani hapo mtu alibana sarafu mbili kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, akakaza. Geuza upande wa Karume uangalie sehemu iliyo mkabala na hizo herufi, mara nyingi pamebonyea au pamelala bapa. Jiriwa ninayo hapa karakana, hiyo naitengeneza chai haijapoa.

mama_sakina
Samahani nadandia. Nina hamsini ya faru ya 1996 ila hiyo 6 haipo, mengine yote yanaonekana makali. Ni kuchakaa?

mkereza_vyuma
Kuchakaa hakuchagui tarakimu moja dada. Panaanza kufutika palipoinuka zaidi, kwenye hamsini ni uso wa Mwinyi na mgongo wa faru, maandishi ya pembeni yanachelewa kwa sababu ukingo unayakinga. Kikifutika kidude kimoja na majirani zake wako kamili, mara nyingi ni grisi na vumbi vilijaza tundu la hiyo tarakimu kwenye muhuri. Ila inamisha kwenye mwanga kwanza, ukiona vimistari vyembamba vya tupa hapo basi kuna mtu kasugua. Hata ikiwa ya kweli bei yake ni ndogo, zipo nyingi.

babu_machame
Mie ninayo ya mkoloni, senti kumi ya tundu, tundu limekaa upande halafu jina si George, ni EDWARDVS. Makosa mawili kwa mpigo?

mkereza_vyuma
Shikamoo mzee. Jina si kosa, itakuwa ya 1936. Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, hakumaliza hata mwaka, aliingia na kuachia kiti mwaka huohuo, na senti tano na kumi za Afrika Mashariki zikawahi kugongwa kwa jina lake. Watu wengi wanaziita kosa na si kosa hata kidogo.

Tundu ndiyo habari. Angalia mdomo wake kwa lenzi. La kiwandani lina mdomo msafi, duara kamili, kipimo kilekile cha tundu za wenzake ila limehama tu, na wakati mwingine limekata hata ncha ya pembe za ndovu. Lililopanuliwa mtaani ili sarafu ivaliwe shingoni linakuwa pana kuliko kawaida au refu upande mmoja, na mdomo una kovu. Kama ni lile la kwanza mzee wangu usiisugue na majivu wala limao, mkusanyaji akishaona inang'aa anashusha bei. Nipigie picha ya pande zote mbili mchana, nje, bila flashi.