Leja ya shilingi, mauzo ya dola, mwenye hisa anataka yuro: mnapangaje?

MhasibuNyakato

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na programu za leja zenye sarafu nyingi.

Kiwanda kinachakata minofu ya sangara hapa Mwanza. Samaki, barafu, dizeli na mishahara vinalipwa kwa shilingi. Minofu na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) vinauzwa nje kwa dola. Maboksi yanatoka Kenya na invoisi zake ni za shilingi ya Kenya. Mwenye hisa mkubwa yuko Ulaya na anataka ripoti ya kila mwezi kwa yuro, benki iliyotukopesha inataka ya dola, na TRA (mamlaka ya mapato) wanataka shilingi kama kawaida. Sarafu ya msingi kwenye programu ni shilingi.

Je, nifungue vitabu vitatu? Hiyo ya yuro, nigawanye kila kitu kwa kiwango cha siku ya mwisho ya mwezi? Na jambo linaloniumiza kichwa zaidi: akaunti ya wadaiwa wa nje inaonyesha dola sifuri, lakini kwa shilingi kuna 2,400,000 imeganda. Hakuna invoisi hata moja iliyo wazi.

Mzee wa Urari

Nianze na hizo 2,400,000, maana zinajieleza zenyewe. Hiyo ni tathmini ya mwisho wa mwezi (kuthamini upya salio la dola kwa kiwango cha siku hiyo) ambayo haikufanyiwa rivasi, yaani haikuandikiwa ingizo la kinyume la kuitengua.

Chukua viwango vya mfano. Invoisi ya dola 48,000 imeingia kwa 2,600, sawa na 124,800,000. Mwisho wa mwezi kiwango ni 2,650, programu ikaithamini upya kuwa 127,200,000: debiti wadaiwa 2,400,000, krediti faida ya viwango ambayo bado haijapatikana. Mteja akalipa mwezi uliofuata kwa 2,640, benki ikapokea 126,720,000. Programu nyingi hulinganisha malipo na thamani ya invoisi ya siku ya kwanza, si ile ya tathmini. Kwa hiyo inaondoa 124,800,000 kwa wadaiwa na kuandika faida iliyopatikana 1,920,000. Ile 2,400,000 inabaki inaelea, na kwenye mapato mmeshajiandikia faida ya 4,320,000 wakati halali ni 1,920,000 tu.

Dawa: jenali (ingizo la leja) ya tathmini iwekewe rivasi ya kujiendesha tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa kwanza utaona faida 2,400,000, wa pili hasara 480,000, jumla 1,920,000. Kwa hiyo iliyoganda sasa, tafuta jenali yake na uitengue kwa tarehe ya mwezi ambao bado uko wazi. Usiifute, mkaguzi atauliza ilikwenda wapi.

Kila mwisho wa mwezi chapisha akaunti zote zenye sarafu ya kigeni kwa safu mbili, salio la kigeni na salio la shilingi, kisha zidisha la kwanza kwa kiwango cha kufungia, yaani cha siku ya mwisho ya mwezi. Ikitofautiana na la pili zaidi ya senti za kukadiria, simama hapo hapo, usiende kwenye ripoti.

leja_wazi

Vitabu vitatu hapana. Mtu akisahihisha risiti kwenye kimoja, viwili vinabaki na uongo. Kila muamala uingie mara moja tu, kwa sarafu yake ya asili na kiwango cha siku yake. Yuro na dola ni ripoti zinazotolewa juu ya leja hiyo hiyo.

Kwenye yuro, kugawanya kila kitu kwa kiwango kimoja kunapendeza kwa sababu mizania inalingana bila jasho, lakini IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa fedha za kigeni, haitaki hivyo. Mali na madeni yote huenda kwa kiwango cha kufungia, na mitambo imo. Hapa wengi huchanganya: kwenye leja ya shilingi mtambo unabaki na kiwango cha siku ulionunuliwa, ila unapogeuza leja nzima kuwa yuro unatumia kiwango cha kufungia kama mali nyingine. Hizo ni hatua mbili tofauti. Mapato na matumizi huenda kwa kiwango cha siku ya muamala, au wastani wa mwezi kama viwango havikurukaruka. Mtaji unabaki na kiwango cha siku ulipoingizwa. Faida limbikizi ya kuanzia (iliyobaki kutoka miaka iliyopita) huigeuzi upya: unachukua namba ya yuro iliyokuwa kwenye ripoti iliyopita.

Tofauti inayobaki ina mahali pake. Mfano: mtaji shilingi 600,000,000 uliingia kwa 2,400, ni yuro 250,000. Faida ya mwaka 145,000,000 kwa wastani wa 2,900, ni yuro 50,000. Mali halisi mwishoni 745,000,000 kwa 2,980, ni yuro 250,000. Mtaji na faida vinafika 300,000, mali ni 250,000. Hizo 50,000 ni hasara ya ubadilishaji, zinakaa kwenye akiba ya tofauti za ubadilishaji ndani ya mtaji, kupitia mapato mengine ya jumla, sehemu ya ripoti iliyo nje ya faida na hasara. Hazigusi faida ya mwaka. Mwenye hisa atauliza kwa nini kampuni imepata faida na mali yake haijakua hata yuro moja. Jibu liko kwenye mstari huo, mwandikie mapema kabla hajapiga simu.

Tumia wastani wa kila mwezi na ujumlishe, usichukue wastani mmoja wa mwaka. Wa dagaa pale Mwaloni Kirumba wanalijua hili kuliko sisi: mauzo yanafuata giza la mwezi, kwa hiyo wastani uliosawazishwa mwaka mzima hauwakilishi miamala yao.

Kwa ripoti ya benki kuna kipimo chepesi. Mkopo wa dola 300,000 ukipita kwenye shilingi na kurudi kwenye dola lazima usome 300,000 kamili. Ukisoma 299,000 na kitu, tathmini haikufanyika au umetumia viwango viwili tofauti.

BintiUkerewe

Naongezea upande wa viwango vyenyewe, maana fujo nyingi huanzia huko.

Angalia programu inataka kiwango kwa upande gani. Benki Kuu hutangaza shilingi kwa dola moja. Baadhi ya programu zinataka kinyume, dola kwa shilingi moja, na hapo desimali zinaua. 2,600 ikigeuzwa ni 0.000384615. Programu ikihifadhi desimali nne inakuwa 0.0004, yaani 2,500, na invoisi ya dola 48,000 inapungua kwa shilingi 4,800,000. Hata desimali sita, 0.000385, zinapoteza karibu 124,675. Weka tisa au kumi, au geuza upande wa kuingizia kama programu inaruhusu.

Shilingi ya Kenya ni kubwa kuliko yetu, ya Uganda ni ndogo. Anayeingiza kwa mazoea huzidisha pale pa kugawanya. Siku mkianza kulipa wasafirishaji wa kupitia Entebbe, hakiki invoisi ya kwanza kwa kalkuleta.

Chagueni chanzo kimoja (kiwango cha kati cha Benki Kuu kinatosha), kiandikwe kwenye sera, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kukibadilisha. Malipo halisi ya benki yaingie kwa kiwango ambacho benki imetumia kweli.

Na wauzaji wa ndani waliokuwa wanatoza dola: kanuni za Machi 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Fungieni sarafu ya dola kwenye akaunti zao, karani asiichague kwa bahati mbaya.

MhasibuNyakato

Asanteni sana, rivasi nimeiona, haikuwekwa. Swali la nyongeza: wanunuzi wa mabondo hutuma advansi ya dola kabla ya mzigo. Nayo naithamini upya?

Mzee wa Urari

Hapana, kama utailipa kwa mzigo. IFRIC 22, ufafanuzi rasmi wa IAS 21 kuhusu advansi, inasema wazi: advansi ya namna hiyo hubaki na kiwango cha siku ilipopokelewa. Mteja akiwa na haki ya kurudishiwa fedha na ndicho kinachotarajiwa, hapo inakuwa deni la kawaida na inathaminiwa.

Tatizo ni kwamba programu huiacha kama krediti kwenye akaunti ya wadaiwa, nayo inaingia kwenye tathmini pamoja na wengine. Ihamishie kwenye akaunti ya dhima ya peke yake, isiyo na alama ya tathmini. Advansi dola 20,000 kwa 2,600 ni 52,000,000. Mzigo wa dola 48,000 ukitoka kwa 2,640, mapato ni 52,000,000 na 28,000 × 2,640, jumla 125,920,000. Programu itaandika 126,720,000, kisha ukilinganisha advansi na invoisi itatoa hasara ya 800,000 ambayo haipo. Iondoe kwa jenali: debiti mapato, krediti hasara ya viwango.

leja_wazi

Kuna jambo tumelipita. Nani aliamua shilingi ndiyo sarafu yenu ya utendaji, yaani sarafu kuu ya mazingira mnayofanyia biashara? Bei ya kuuza inaamuliwa na dola, gharama kubwa ni shilingi, kwa hiyo viashiria vya IAS 21 vinavutana na menejimenti lazima iamue na kuandika sababu. Ulizeni mkaguzi sasa. Programu nyingi haziruhusu kubadili sarafu ya msingi baada ya muamala wa kwanza; ikibidi kuhamia dola mtafungua kampuni mpya ndani ya programu na kuingiza masalio ya kuanzia, na kazi hiyo ifanyike mwanzo wa mwaka wa hesabu.