Naomba ushauri: televisheni yatoa mlio mwembamba ambao mtoto anausikia na bibi yake hausikii

Mama wa Langoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Hapa kwetu Lamu tunayo televisheni ya kichogo ya inchi 21, ambayo mama mkwe wangu anaitunza kama mboni ya jicho na huitazamia taarifa ya habari kila jioni. Kila inapowashwa, binti yangu wa miaka tisa huziba masikio kwa viganja na kukimbilia kiwandani, yaani uani, akisema kuna mlio kama wa mbu aliyeingia sikioni. Mimi nausikia kwa mbali sana, na hata nikiondoa sauti kwa rimoti mlio hubaki palepale. Mama hausikii kabisa, na ameanza kusema kwamba mtoto anadeka. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala sitaki mwanangu aitwe mwongo. Nifanyeje?

Fundi wa Mkomani
Wa aleikum salaam dada yangu. Mtoto anasema kweli, na mama naye anasema kweli. Televisheni hizo huchora picha kwa mistari, na katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya kila picha ina mistari 625, picha 25 kwa sekunde, yaani mistari 15,625 kila sekunde. Transfoma ya umeme mkubwa, ambayo sisi mafundi huiita flaibaki, hufanya kazi kwa mwendo huohuo, na gundi inayoshika nyaya na kiini chake ikilegea kwa uzee, hutetemeka na kulia. Sikio la mtoto huweza kusikia hadi karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali mtu mzima hupoteza kwanza sauti nyembamba kama hizo. Tafadhali msiifungue wenyewe, kwa sababu kioo huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye soketi.

Mwana wa Malindi
Yangu ni ya kioo bapa, nayo ililia nilipopunguza mwangaza, nilipouongeza, ikanyamaza. Yako si ya aina hiyo, kwa hivyo mfuate fundi.

Bi Mkubwa wa Shela
Mwanangu, usibishane na mama mkwe kwa maneno. Mwombe akae karibu na televisheni isiyo na sauti, mtoto akae kiwandani akiipa mgongo, kisha mama mwenyewe awe anaiwasha na kuizima apendavyo, naye mtoto aseme. Halafu ihamisheni. Kuta zetu za chokaa huurudisha mlio, lakini pazia zito huupunguza. Angalieni tu lisizibe matundu ya hewa ya nyuma.

Mama wa Langoni
Ahsanteni sana. Tulifanya jana baada ya Alasiri. Mama aliiwasha na kuizima mara sita, mara nyingine akingoja kitambo kirefu ili amjaribu, na mara zote sita mtoto alipatia. Mama alikaa kimya, rimoti ikiwa mapajani, kisha akamwita mjukuu wake na kumpapasa masikio kwa vidole vya mikono yote miwili. Usiku huohuo alisema televisheni iende chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na fundi aitwe Jumamosi kuikagua flaibaki.