Mrejesho: lile trela la Airstream la 1972

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza kama ninunue lile trela la kulala la 1972 la Airstream, yale ya Kimarekani yenye bodi ya alumini, huku Ohio, muuzaji alitaka dola 6,500 na anaapa sakafu ni nzima kabisa, haijaoza. Mkaniambia nibebe bisibisi niidunge plywood ya sakafu kule nyuma chini ya bampa nione kama imeoza. Basi nikadunga, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini kama nadunga keki, jamaa akaanza kuchezea simu yake. Tukamalizana kwa 4,000.

Sasa nimeng'oa sakafu yote ya nyuma. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya bodi miaka na miaka, mbao imekuwa unga, fremu ya chuma imeliwa na kutu hadi bodi ya alumini ilikuwa inacheza peke yake juu yake. Fundi wa kuchomelea kachukua dola 900. Ekseli nayo, ule mpira uliomo ndani yake unaofanya kazi ya springi umekauka, haubonyei hata kidogo, umri tu huo, nimeagiza mpya.

Riveti, vile vipini vya kubana mabati ya bodi, nimepiga mwenyewe, nyingine zimekaa upande msinicheke. Jana mvua imenyesha usiku kucha nikalala humo na tochi, limevuja tone moja tu pale kwenye feni ya juu.