Tuliofanya kazi au biashara kwenye moli za Marekani zilizokufa, tupeane uzoefu

Kipanga: Wakuu, salaam. Leo nimepita Southfield, Michigan, pale ilipokuwa moli ya Northland, kituo kikubwa cha maduka mengi pamoja, roho imeniuma. Ilifunguliwa 1954, kazi ya Victor Gruen, huyo huyo aliyechora Southdale ya Edina, Minnesota, iliyofunguliwa 1956 ikiwa imefunikwa juu, ndani kiangazi na baridi ni sawa. Northland ikafungwa 2015. Wageni wengi tulipata mshahara wa kwanza wa nchi hii ndani ya moli. Uliyekuwemo wakati moli yako inakufa, tusimulie.

Mama Nasra: Umenigusa, kaka. Nilikuwa na kibanda cha kava za simu katikati ya korido, mkabala na duka kubwa la nguo. Mtu akitoka kununua suruali, lazima apite kwangu. Siku walipobandika matangazo ya kufunga, watu walijaa mpaka nikadhani neema imeshuka. Wakauza nguo, wakauza rafu, mwisho wakauza na masanamu ya kuvishia nguo, yamesimama uchi mlangoni na bei shingoni. Halafu geti likashushwa. Duka la viatu likaondoka, la simu likafuata. Kumbe mikataba yao ilikuwa na kipengele: duka kubwa likifunga, wapunguziwe kodi au waondoke bila faini. Sisi wa vibanda hatukupewa kipengele hicho. Kodi ikabaki palepale, pamoja na ada ya taa za korido ambazo nusu zimezimwa! Na lile duka kubwa ndilo lililokuwa likilipa kodi ndogo kwa kila futi, kwa sababu ndilo linaloleta watu. Likaondoka, tukabaki sisi wa kodi nzito.

Chuma: Hapo kwenye kipengele ndipo wengi tunapochinjwa.

Rubani: Tuseme ukweli, intaneti ndiyo iliyoua. Watu wananunulia kitandani.

Mzee Kitabu: Si kweli. Dixie Square ya Harvey, Illinois, ilifunguliwa 1966, na miaka ya 1970 haijaisha ilikuwa imeshafungwa. Intaneti gani hiyo? Walijenga kupita kiasi. Sheria ya kodi ya mapato ya 1954 iliwaruhusu wenye majengo kukata haraka gharama za ujenzi kwenye hesabu zao, basi kujenga jipya nje ya mji kukalipa kuliko kukarabati la zamani. Kila moli mpya ikala wateja wa jirani yake.

Rubani: Na Randall Park ya Ohio, iliyofunguliwa 1976 ikitangazwa kuwa kubwa kuliko zote duniani? Leo pale pana ghala la Amazon. Nijibu hilo, mzee.

Mzee Kitabu: Ilifungwa 2009, ghala limekuja 2018. Anayenunua kiwanja cha marehemu si lazima awe ndiye aliyemuua.

Mlinzi wa Zamu: Nilikuwa lindo la asubuhi. Moli ilibaki na kinyozi, duka la miwani, na wazee wanaokuja kutembea ndani kwa afya, maana nje ni barafu. Mzee mmoja aliyekuwa akinisalimia kwa jina akaanguka mbele ya chemchemi iliyokaushwa. Nikapiga 911. Ambulensi ikaenda mlango wa pembeni ya duka kubwa, ambao ndio uliokuwa mlango mkuu. Ulifungwa mnyororo tangu duka lihame, na funguo ziko kwa meneja anayekaa mji mwingine. Nawaona kupitia kioo, nao wananiona. Nyuma yangu wazee wenzake wamepiga magoti wanapokezana kumbonyeza kifua. Nikakimbia korido nzima kuwafungulia mlango wa takataka. Machela ilipita kati ya mapipa.

Binti Tanga: Mungu wangu! Alipona?

Chuma: Kaka, tujibu.

Rubani: Ubishi nimeuacha. Alipona?

Kijana Mpya: Shikamooni wakubwa, samahani kuingilia. Nimepewa kibanda kwenye moli ambayo duka moja kubwa limeshafunga. Kodi wamenishushia sana. Niingie?

Mama Nasra: Marahaba. Usiingie, mwanangu.

Mzee Kitabu: Ingia, ila mwezi kwa mwezi, na kodi iwe asilimia ya mauzo.

Binti Tanga: Kwanza nenda Jumamosi saa kumi jioni uangalie maegesho. Magari hayadanganyi.

Mlinzi wa Zamu: Alipona, jamani. Alirudi kutembea na fimbo mpaka jengo lilipofungwa kabisa. Kijana, zunguka milango yote. Ukikuta mnyororo, uliza funguo anazo nani.

Kijana Mpya: Nimewasikia. Mama Nasra, nikutumie mkataba unisomee?

Mama Nasra: Nitumie leo. Usiweke sahihi kabla sijakujibu.