Shemeji huja na bastola kwa nyumba, kijana wangu ana miaka 5, namfunza aje?

MamaWawili_Nax
Habari zenu wazazi. Niko Nakuru upande wa Lanet. Ndugu ya bwanangu ana bastola ya leseni sababu biashara yake ni ya kubeba pesa mingi, na akija wikendi anaitoa kiunoni anaiweka juu ya friji eti huko mtoto hafiki. Sasa Jumamosi nilikuwa nachuja chai, kugeuka hivi napata kijana ashavuta stuli ya plastiki mpaka kwa friji, mguu mmoja uko juu, ananiuliza "mum, ile ya anko ni ya ukweli ama ni ya maji?" Chai nusu ilimwagika. Sikumchapa, nilimbeba tu nikakaa na yeye kwa ngazi huko nje hadi mikono yangu ikaacha kutetemeka.
Mtoto wa hiyo miaka anafunzwa aje mambo ya bunduki? Nimtishe ama nimweleze polepole? Bwanangu anasema nikiongea sana ndio nitamwashia hamu.

Jeff_Kondele
Hamu ishawaka hiyo, stuli ilijipeleka? Mimi naona dawa ni ashike. Anko atoe risasi ampatie aone ni chuma tu nzito, kesho hataitafuta. Mtoi ukimkataza kitu ndio unamfunza kuiba, si sote tuliiba sukari.

AfandeMstaafu
Jeff ndugu yangu, sukari haina triga. Na hapo kwa "anko atoe risasi" ndipo watu wazima wenyewe humalizana. Mtu anachomoa magazini, ile kasha ya risasi, anafikiri amemaliza, kumbe moja imebaki kwa chemba, yaani ndani ya bastola yenyewe, na bastola nyingi zitaifyatua hiyo moja hata magazini ikiwa imelala mezani. Nilikaa kwa ghala la silaha miaka mingi kabla nirudi nyumbani Kisumu, na hata askari aliyepita Kiganjo, chuo cha polisi, akirudisha bunduki tulikuwa tunamwambia aelekeze mdomo kwa pipa la mchanga kwanza ndio aikague. Sasa wewe unataka sebuleni, na mtoto wa nasari.
Mama, mfunze, miaka 5 si mapema. Wamarekani, kile chama chao cha wenye bunduki NRA, tangu 1988 wana katuni ya tai anaitwa Eddie Eagle anafunza watoto wadogo mambo manne tu: simama, usiguse, toka hapo mbio, ambia mtu mkubwa. Hayo yanatosha, usimweleze bastola inafanya aje kazi. Lakini usimtishe kwamba polisi watamshika. Ukimtisha hivyo, siku akiiona atanyamaza kwa sababu anaogopa, na wewe unataka aje akiita kwa sauti. Muahidi kabisa kwamba akikuja kusema hachapwi, hata kama alikuwa amepanda mahali hafai kupanda.

Nekesa_wa_Mlima
Naongezea. Mimi nimekulia Cheptais huko Mlima Elgon, ile 2008 jeshi wakiingia kutafuta SLDF, lile kundi la wapiganaji wa huko, nilikuwa darasa la sita. Kulipotulia watoto walikuwa wanaokota vitu shambani. Ndugu yangu mdogo alileta kitu kinang'aa mfukoni akaniambia ni kifuniko cha kalamu. Ilikuwa risasi nzima, na alikuwa amekaa nayo jikoni karibu na moto, akiigonga gonga kwa jiwe. Mama hakupiga kelele, alimwambia aweke chini pole pole, akatutoa wote nje, ndio akaenda kuita chifu. Kwa hivyo usimfunze bunduki peke yake, mwonyeshe picha ya risasi pia na umwambie hiyo haiokotwi, haipigwi, haitupwi kwa moto.
Ingine ni usitegemee masomo. Kuna watafiti Marekani 2001 waliandika kwamba walificha bastola ya ukweli isiyo na risasi kwa droo wakaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12 ndani ya chumba. Wengi walioipata waliishika, na karibu nusu ya vikundi vilivyoipata kulikuwa na mtu alivuta triga. Na karibu wote walioshika walikuwa washawahi kufunzwa! Wako ana 5. Huyo wa kufunzwa kwanza ni shemeji.

MamaWawili_Nax
Asanteni sana. Juzi nilijaribu, nikamfunza yale maneno manne akayashika kama wimbo, halafu nikaacha bastola yake ya maji kwa kochi nikajificha kwa korido nione. Aki yangu. Aliimba yote, simama, usiguse, toka mbio, ambia mtu mkubwa, huku ameishika mkononi anaangalia ndani ya shimo. Nekesa nimekuelewa.
Nimepigia shemeji, alichukia kidogo, eti namfunza silaha yake. Nikamwambia basi Jumapili aiache kwa gari.

AfandeMstaafu
Kwa gari hapana, gari inavunjwa dakika mbili na hiyo silaha inaingia mtaani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye leseni aiweke mahali salama saa zote, hiyo si juu ya friji na si kwa dashbodi. Anunue sefu ndogo ya chuma afunge kwa ukuta na boliti, risasi zikae kando zimefungwa pia, na ufunguo ukae kwa mwili wake. Usiwekwe kwa kikombe cha kabati, watoto wanajua kila kikombe cha hiyo nyumba. Kama hataki basi aiache kwake ikiwa imefungwa, ama aje bila kulala.

Jeff_Kondele
Sawa afande nimeshuka kwa mti. Lakini bwana yake ndio angeongea na ndugu yake, si kuachia mama.

MamaWawili_Nax
Wameongea jana. Sefu amenunua, inakuja Jumapili. Shida sasa ni landlodi, ameskia drili anauliza mashimo manne kwa ukuta wa bedruum ni ya nini, na mimi sijui namwambia nini.