Saa janja au kipima oksijeni cha usiku kwa mgonjwa wa ALS?

BintiTanga: Hamjambo jamani. Baba ana ALS, ule ugonjwa wa kufa neva zinazoendesha misuli, mwaka wa pili sasa. Mikono imelegea, na juzi ameanguka uani. Tumechanga, hela inatosha kifaa kimoja tu: saa janja inayotambua mtu akianguka, au kipima oksijeni ya damu. Tuchukue kipi?

Kaka_Kisauni: Pole sana dada. Sisi mama tulimvalisha saa. Ile inanasa kishindo: ukianguka kwa nguvu inakuuliza kama uko salama, usipojibu inapiga simu. Lakini mama magoti yalikuwa yakiisha nguvu anateleza taratibu ukutani mpaka chini, saa kimya. Bizimu nayo vidole havikuiweza, ikabidi tutafute mkanda wa kunata. Usiku ndio iko kwenye chaji.

NesiMwanza: Huo usiku ndio ninaouogopa mimi. Misuli ya kupumua ikichoka, mtu akilala chali pumzi zinakuwa fupi. Kile cha kubana kidoleni ni cha kupima mara moja na kuondoa. Tafuteni cha kurekodi usiku kucha, cha pete au cha kuvaa mkononi chenye waya wa kidoleni. Kidole kiwe na joto, kisiwe na hina nyeusi wala rangi ya kucha.

Ila mdogo wangu, shika hili: hakipimi kaboni dioksaidi. Oksijeni inaweza kusoma asilimia 95 huku hewa chafu inajaa mwilini. Muulize baba kama anaamka na kichwa kinamuuma, kama anasinzia mchana. Na msimwekee mtungi wa oksijeni kwa kuona namba imeshuka! Kwa wagonjwa hawa oksijeni peke yake inaweza kuipandisha zaidi hiyo kaboni. Kinachosaidia ni mashine ya barakoa inayosukuma hewa, na anayeamua ni daktari.

MamaZuu_Leeds: Nesi amesema kweli. Naongeza la ngozi zetu: mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa vipimo hivi vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe. Kwa hiyo namba ya usiku mmoja isikutulize. Linganisha za baba mwenyewe, wiki hii na wiki ijayo.

BintiTanga: Nimemuuliza sasa hivi. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, miezi miwili hajasema, alidhani ni mto. Basi tunachukua cha kurekodi usiku, na kuanguka tutamlinda wenyewe, mpwa wangu atahamia chumbani kwake. Da Nesi, namba hizo daktari ataziangalia kwenye simu au nichapishe?

NesiMwanza: Chapisha. Pembeni andika saa aliyolala na alivyolala, chali au ubavu. Na la kichwa litangulie kumwambia, kabla hujatoa karatasi. Msisubiri tarehe ya kliniki.